Herufi za Ubao wa Jumwani

Kamati ya soko imenipa kazi: historia ya mji wetu,
ubao mmoja, langoni, chini ya nembo ya kaunti.
Shekuwe mchora mabango hutoza kwa herufi,
nafasi aiacha bure, nukta nusu bei.
Mchango umefika herufi mia mbili.
"Mwalimu," asema mweka hazina, "karne tano zaenea hapo."

Naanza na jina, maana jina halina ugomvi.
Jumwa ni siku ya nne, jembe limelala,
Waduruma wateremka kilima usiku kwa usiku
na mtama, asali, sandarusi.
Watu wa hori wawapa chumvi na ng'onda.
Hakuna aliyeijua lugha yote ya mwenzake,
ila kila mmoja alijua kusema "cha tele!"
na kila mmoja alipima cha mfuto.

Kisha Wareno. Walitaka nafaka ya ngome yao
kwa bei waliyoikata wenyewe,
nasi tukajifunza kuchimba mashimo ya kuficha.
Moja liko bado. Badi kinyozi hutupa nywele mle.
Kisha liwali, na mtoza ushuru mwenye mkeka wake.
Kisha Mwingereza na ratili za shaba,
na faini kwa kila kibaba kilichopatikana sokoni.
Vibaba vikaenda kunywesha kuku.

Reli ilipita maili tatu kutoka hapa.
Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo historia yetu ndefu kuliko zote:
ilipita.
Uhuru ukaja, tukapaka ukuta chokaa.
Kilo ikaja. Na juzi reli nyingine, juu ya nguzo,
abiria wakituangalia kupitia kioo
kama watu waliosahau kupanda.

Sijaandika bado ule mwaka wa njaa.

Mtama ulipimwa kwa mfuto, kisha kwa kiganja,
kisha wazazi wakateremka kilima bila mzigo,
wamewashika watoto mikono.
Rehani, waliita. Hadi mavuno.
Katika kasha la mama, chini ya leso zilizokwisha rangi,
mna kijikaratasi, hati za Kiarabu, wino umekuwa hudhurungi:
*Mbodze binti Chirima, umri kama miaka saba,
kwa pishi sita.*

Mavuno yalikuja. Babaye, husemwa, hakuja.
Husemwa na watu wa nyumbani kwetu,
nami watu wa nyumbani kwetu nawajua.
Walimpa jina jipya, wakamfunza kusuka ukili,
akaolewa chumba cha pili cha nyumba ile ile,
akamzaa bibi yangu, aliyemzaa mama,
na mama ndiye aliyekuwa akiwauliza wauza mkaa,
kidevu juu,
"Nyinyi hapa mlikuja lini?"

Usiku nimekaa na kalamu nyekundu.
Wareno nimewapa neno moja.
Liwali nimemtoa, wajukuu wake watanuna.
Reli zote mbili nimeziacha zipite.
Nikahesabu: mia na tisini na nne.
Nikahesabu tena kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Zimebaki sita.

Shekuwe ameshuka ngazi, brashi sikioni,
asoma karatasi mpaka chini.
"Na hili la mwisho, Mwalimu? Ni duka?
Ni sabuni? Maana tangazo lina bei yake."
Nikamwambia andika.
"Ukubwa gani?"
Za tele, nikasema.
Akacheka, akidhani nataka apunguze bei.